Nukta ya Mia Mbili na Kumi na Moja

Makontena ya bandarini nayajua:
ya bati, yana kutu, yamepigwa lakiri,
likidondoka moja mtaa mzima unasikia.
Haya yangu hayana uzito.
Nayafungua juu ya meza ya cherehani ya dada,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
feni inasuasua, LUKU imebaki yuniti nne.

La kwanza limebeba data.
La pili linachora ramani.
La tatu ndilo sura, ndilo la kupokea wageni.
Kila moja limejifungia na chakula chake ndani,
halijui kama lina jirani,
mpaka niliambie la pili:
mwenzio anaitwa Hifadhi,
bisha lango la elfu tano mia nne thelathini na mbili,
neno la siri usilisahau.

Nikalisahau mimi. Tukagomeana hadi saa sita.

Data yenyewe ni miguu ya Mkasi Mhina.
Wiki tatu, bomba kwa bomba, kisima kwa kisima,
Makorora, Mabawa, Duga, Mwakidila,
simu mkononi, daftari kwapani,
kandambili zimemkatikia mara mbili Pongwe.

Ramani ilipofunguka
Tanga haikuwa na maji hata tone.
Nikavuta nyuma, nyuma, dunia ikawa chungwa,
ndipo nikayaona mabomba yetu yote
yamezama Mediterania,
yamelala ubavu, mtaa juu ya mtaa.
Nilitanguliza latitudo penye zamu ya longitudo.
Nikageuza. Yakahamia Ethiopia,
yakasimama nyikani yakinitazama.
Kilichokosekana ni kistari,
alama ya kutoa, fupi kuliko ukucha.
Sisi wa kusini ya Ikweta
tunaishi nyuma ya kistari hicho.

Nikakiweka. Tanga ikarudi Tanga.
Kwa furaha nikafanya usafi:
nikalivunja kasha la kwanza nilijenge upya.

Kasha halina kumbukumbu.
Ukilivunja linaondoka na vyake,
ila kama umelifunga kamba kwenye diski.
Sikufunga.

Saa tisa usiku nikampigia Mkasi.
Hakunitukana. Nilisikia kitanda kikilia,
kiberiti, kurasa.
"Umekaa? Haya. Moja. Bomba la msikitini, Makorora.
Kutoa tano, nukta, sifuri, nane…"
Akasoma hadi sauti ikakauka,
akanywa maji, nikayasikia yakishuka,
akasoma tena.
Pembeni aliandika ambayo simu haikumuuliza:
hili limekauka tangu Mfungo Mosi;
hili mwenyewe ni mkali, nenda asubuhi.

Safari hii nilifunga kamba, fundo mara mbili.
Nikatunga na sheria, nijione fundi:
nukta isiyo juu ya nchi kavu ikataliwe.

Mia mbili na kumi zikapita.
Ya mia mbili na kumi na moja ikatemwa, nyekundu.
"Mkasi, hii umekosea. Iko baharini,
nje ya Mwambani."
"Sijakosea."
"Mfumo unaikataa."
"Umewahi kufika pale siku ya bamvua?
Maji ya chumvi yakitoka, jiwe linatoa ya baridi.
Niliwakuta wanawake wanne na ndoo zao,
mmoja akanikinga kata, nikanywa.
Huo mfumo wako umekunywa?"

Nikanyamaza.
Kuku wa jirani akawahi kusema kabla yangu.

Nikaifungua sheria, nikaipasua kidogo,
upana wa ndoo moja.
Nikayaamsha makasha yote matatu,
la kwanza, la pili, yakaitana kwa majina,
la tatu likafungua mlango
yuniti ikiwa imebaki nusu, kidubwasha kinalia ukutani.

Sasa mtu yeyote akiwa na bando
atauona mji, mistari ya Ngamiani imenyooka,
nukta mia mbili na kumi penye vumbi lake,
na moja peke yake katika buluu.
Ukiigusa inaandika, kwa maneno ya Mkasi,
sikubadili hata herufi:

*Bamvua tu. Wahi. Njoo na ndoo yako.*